Dorcelle na Biskuti za Dukani

Kila asubuhi huko Katuba, Mama Julienne aliwasha jiko lake la mbabula, akabandika maji juu ya makaa, kisha akafungua dirisha la duka lake dogo. Dorcelle, msichana wa miaka kumi na miwili, alimvalisha mdogo wake Nono sare, wakashikana mikono kwenda shuleni. Zamani aliyemvalisha Nono alikuwa mama yao. Tangu alipofariki, watoto hao walilelewa na Mama Julienne, mdogo wa marehemu.

Baada ya mazishi, Mama Julienne alimwonyesha Dorcelle rafu za duka. "Kamata kile unapenda, mwanangu."

Dorcelle alichukua biskuti na soda. Siku iliyofuata akachukua tena. Mwishowe hakula kitu kingine. Bukari, ule ugali wa nyumbani, na mboga zake alimpa mbwa wa jirani kwa siri. Hakuona njaa wala hakushiba, alitafuna tu. Alinenepa, sare ikambana. Wenzake walipomcheka, kelele zao alizisikia kama mvua inayonyesha mtaa mwingine.

Darasani Mwalimu Faustin alimuuliza maswali ambayo mwaka uliopita angeyajibu upesi. Sasa kichwa kilikuwa kizito kama nguo iliyoloa. Alisimama, akaketi tena, wala hakuona aibu.

Siku moja alirudi nyumbani peke yake.

"Nono iko wapi?" aliuliza Mama Julienne.

Dorcelle alitazama mkono wake mtupu. "Nimemusahau."

Walikimbia. Walimkuta Nono kando ya barabara kubwa, malori ya madini yakipita kwa kishindo, naye Mwalimu Faustin amemshika mkono.

"Alitaka kuvuka akutafute," mwalimu alimwambia Dorcelle.

Nono alilia. Mama Julienne alilia. Dorcelle aliwatazama tu kwa macho makavu, na hilo ndilo lililomtisha zaidi Mama Julienne. Kesho yake alimpeleka kituo cha afya.

Dokta Domitille alimpima, kisha akauliza, "Unakulaka nini?"

"Bukari na mboga ya sombe."

Daktari aliweka kalamu chini, akamtazama bila kukunja uso.

"Hapana, Mama Dokta," Dorcelle akasema hatimaye. "Ni biskuti tu. Bukari napatiaka mbwa."

Mama Julienne alishika kichwa. "Kosa ni yangu. Nilimuonea huruma."

"Hatutafuti mwenye kosa," alisema daktari. "Sikia, Dorcelle. Ndani ya utumbo wako munaishi bakteria wengi sana, na wengi wao ni rafiki. Wanapenda maharagi, mboga, matunda. Ukiwapa sukari kila siku, wale rafiki wanapungua. Tumbo na ubongo vinapashana habari muda wote. Wataalamu wameona kwamba bakteria hao, unene na uwezo wa kukumbuka vinahusiana, ingawa bado wanachunguza namna gani. Lakini wewe una jambo lingine pia. Umemulilia mama yako?"

"Machozi haikuyi."

"Itakuja. Urudi hapa unione, tutaongea."

Soda na biskuti zikabaki za wateja. Mama Julienne akapika maharagi na mboga za majani, lengalenga na matembele, akatengeneza kinywaji cha munkoyo kisichotiwa sukari. Jioni Dorcelle alicheza kamba na Nono uani. Mabadiliko yalikuja polepole. Kuna siku alikula bila kuhisi ladha yoyote. Lakini usingizi ulitulia, na darasani majibu yakaanza kurudi, moja leo, jingine wiki ijayo. Mkono wa Nono hakuuachia tena.

Mchana mmoja alionja lengalenga, akasimamisha tonge.

"Mama alikuwa anatia karanga," alisema. Kisha akalia, kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Nono alitaka kumpangusa. Mama Julienne akamzuia taratibu, akamkumbatia Dorcelle.

"Muache alie," alisema. "Mimi nilifikiri huruma ni kumupa mutoto kila kitu tamu. Kumbe nilikuwa namufunga mudomo na sukari. Mutoto mwenye kufiwa anahitaji chakula ya kweli, na muntu wa kumusikiliza."