Kiwiko cha Ruwaida

Kila jioni akishatoka chuoni kusoma Kurani, Ruwaida alitundika buibui lake msumarini, akateka maji na kuyabandika jikoni. Yakipata moto aliyamimina karaini, akatia chumvi na majani ya mwarobaini, akayapeleka uani kwa nyanya yake, Bi Mwanatabu. Hakutumwa na mtu. Aliichagua kazi hiyo mwenyewe, na pale mtaani Mishomoroni majirani walimsifu mpaka akaona haya.

Bi Mwanatabu alikuwa na ugonjwa wa sukari tangu Ruwaida hajazaliwa. Siku hizi alilalamika kuwa miguu yake ni mizito na baridi, kana kwamba ameiazima kwa mtu.

"Mke mwenzangu," alimtania mjukuu wake jioni moja, "leo wanipa maji ya mtungini? Haya hayana moto hata kidogo."

"Nyanya, mbona yatoa mvuke?"

"Mvuke si moto. Ongeza."

Ruwaida akaongeza kutoka kwenye birika. Nyanya akasema bado. Akaongeza tena. Alipochovya kidole kukoroga chumvi, alikichomoa mbio akakipuliza. Lakini nyanya alikuwa amefumba macho, anatabasamu, miguu imo karaini. Nani amwambie mtu mzima kuwa maji anayoyafurahia yanachoma? Ruwaida akaanza kumkanda mabega.

Asubuhi yake aliona malengelenge yametuna kutoka kidole gumba hadi chini ya wayo.

"Nyanya! Umeungua!"

"Taratibu, mamako asisikie! Wallahi siumwi, na kisichouma si ugonjwa." Bi Mwanatabu akamvuta karibu. "Nisikize. Jirani yetu Bi Zuleikha alikwenda hospitali na kidonda cha punje ya mtama, akarudi na mguu mmoja. Nami harusi ya binamu yako Shaza i karibu, nataka kuicheza kwa miguu miwili. Nitatiwa hina hadi nyayoni, hakuna atakayeona. Niahidi."

Ruwaida akaahidi. Angefanyaje? Huyu ndiye aliyemlea yeye kila mama yake alipokuwa kazini sokoni Kongowea. 

Malengelenge yakapasuka. Hina ikapakwa, kidonda kikapotea chini ya wekundu wake. Nyanya akazidisha udi chumbani, hata Rahima, mama yake Ruwaida, akacheka aliporudi kutoka sokoni. "Mama, udi wote huu! Bibi harusi ni wewe au Shaza?"

Ruwaida hakucheka. Alijua kwamba chini ya harufu ya udi palikuwa na harufu nyingine.

Kilichomtisha zaidi ni kwamba nyanya alikikanyagia kidonda kile bila kuchechemea. Siku moja Ruwaida mwenyewe alichomwa na mwiba uani, mwiba mdogo usioonekana, akaruka na kulia. Machozi hayajakauka akajiuliza: mwiba huu waniliza mimi, na kidonda kile hakimlizi nyanya? Akaenda moja kwa moja jikoni, akamwambia mama yake yote.

"Mke mwenza msaliti!" nyanya alifoka alipovuliwa ndara.

"Mficha maradhi kilio humfichua, mama," akasema Rahima. "Vaa buibui, twende."

Kwenye zahanati walipokewa na muuguzi aitwaye Dhahabu, mwanamke mwenye sauti ya upole. Aliosha kidonda, kisha akachukua kipande cha pamba.

"Bi Mwanatabu, fumba macho. Nikikugusa mguu, sema."

Akamgusa kidole baada ya kidole. Nyanya akangoja.

"Mbona hunigusi, mwanangu?"

Rahima akageuza uso.

Muuguzi akamsogelea Ruwaida. "Mwilini mna mishipa ya fahamu. Kazi yake ni kupeleka habari. Ukikanyaga kaa la moto, mguu hupiga mbiu, nawe huruka kabla hujafikiri. Sukari ikizidi katika damu kwa miaka mingi, huiharibu mishipa hiyo, na mbiu haipigwi tena. Nyanya yako aliposema maji ni baridi hakudanganya. Mguu haukumpa habari. Tena sukari hiyohiyo huharibu na kuziba mishipa ya damu. Damu ndiyo hubeba chakula cha kuponya kidonda na askari wa kupigana na vijidudu. Ikifika kidogo, kidonda hukawia kupona, na huoza upesi."

"Basi ni mimi niliyemchoma," Ruwaida akasema, na kilio kikamtoka.

Nyanya akamshika mkono. "Mimi ndiye niliyesema ongeza. Tena nikakufunga mdomo." Kisha akamtazama muuguzi. "Mtanikata?"

"Ungesubiri harusi ipite, nisingependa kukujibu. Leo nyama bado ni hai. Tutaosha, tutafunga, utameza dawa, nawe utakuja kila nikikuita. Inshallah mguu utabaki wako."

"Na nyumbani tumtunzeje?" akauliza Ruwaida.

"Ugonjwa sasa waujua. Niambie wewe."

Ruwaida akafuta pua, akafikiri. "Mguu hausikii... basi nitautazama mimi. Kila jioni, hata chini na kati ya vidole. Na maji niyajaribu kwanza."

"Kwa kiwiko, si kwa kidole; ngozi ya kiwiko husikia moto zaidi. Yawe vuguvugu, ya kunawa tu, si ya kuloweka, kisha umkaushe vizuri. Asitembee pekupeku, na viatu vikung'utwe kabla hajavaa."

Bi Mwanatabu alikwenda harusini akiwa na hina mikononi na bendeji mguuni. Alicheza ameketi, kwa mabega tu, na bado walimtunza kwa noti. Kidonda kilifunga polepole, polepole sana, lakini kilifunga.

Jioni moja Ruwaida alichovya kiwiko karaini, akaridhika.

"Baridi!" nyanya akalalama.

"Kiwiko changu chasema ni sawa."

"Haya basi. Shikamoo, kiwiko." Wakacheka wote wawili. Kisha nyanya akashusha sauti. "Mke mwenzangu, ulinipenda tangu zamani, ukaniunguza kwa mapenzi hayohayo. Siku ulipoujua ugonjwa wangu ndipo ulipoanza kunitunza. Mapenzi peke yake hayatoshi, yataka na ujuzi. Na mgonjwa naye asimfunge mdomo anayemtunza. Hilo ni kosa langu mimi."

Akaunyanyua mguu wake, akauweka mapajani mwa mjukuu.

"Haya, tazama."

Ruwaida akautazama, kidole baada ya kidole.