Nilifuta Uso wa Mama Yake Bibi

Wasomaji wenzangu, kwanza naomba radhi kwa mwandiko wangu na kwa makosa ya herufi. Nina miaka kumi na tisa na shule niliishia darasa la saba. Kuandika kwangu ni kwa polepole, na barua hii nimeianza mara nne nikaichana. Hata kuongea mbele za watu naona aibu... na aibu hiyo ndiyo iliyonifikisha hapa.

Naitwa Rashidi. Nafanya kazi kwenye duka la steshenari hapa Nachingwea mjini. Tunatoa kopi, tunapiga picha za pasipoti, na tunatengeneza picha za zamani zilizoharibika. Mwenye duka ni Dada Neema. Alikuja huku kumfuata mumewe, ambaye ni mwalimu aliyehamishiwa kutoka Moshi. Yeye ndiye aliyenifundisha kompyuta. Kuziba nyufa, kufuta madoa, kurudisha sikio lililoliwa na mchwa... hayo yote nayaweza. Kwenye kompyuta hakuna anayekutazama usoni, kwa hiyo niliipenda sana kazi hiyo.

Aliyenilea ni bibi yangu mzaa mama, kijijini Chinongwe, wilaya ya Ruangwa. Bibi alikuwa na utani na mimi. Tangu nikiwa mdogo hakuwahi kuniita jina langu. Alikuwa ananiita "mume wangu". Nikitoka shamba nimechelewa, utamsikia, "Mume wangu, umeoa mke wa pili huko?"

Ukutani kwake kulikuwa na picha moja tu, ya mama yake mzazi. Alipigwa picha hiyo mnadani zamani na mpiga picha aliyekuwa anapita, na hakupigwa nyingine. Alifariki Bibi akiwa binti mdogo, kwa hiyo hata Mjomba Selemani, mtoto mkubwa wa Bibi, hakumkuta. Bibi peke yake ndiye aliyebaki anayemjua yule mama.

Mvua ziliivujia picha ile miaka na miaka. Ikafanya madoa, ikapasuka, ikagandana na kioo. Mimi nimekua nikiiona hivyo hivyo, uso mweusi wenye mistari mistari.

Idi iliyopita nikamwambia Bibi kwamba naweza kuitengeneza. Mjomba Selemani alikataa, akasema picha ni moja na mimi ni mtoto. Bibi akaishusha mwenyewe, akaifunga kwenye khanga yake na kunikabidhi.

"Nirudishie mama yangu, mume wangu," alisema. Nikamwahidi!

Dukani niliipiga picha kwa simu ikiwa bado ndani ya kioo chake, nikaihamishia kwenye kompyuta. Nilifanya kazi siku tatu, kila wateja wakipungua. Nikaziba ufa wa katikati. Nikatoa doa la maji. Halafu nikafika mashavuni.

Kulikuwa na mistari midogo shavu la kulia. Nikaifuta. Nikahamia la kushoto... nikakuta mistari ile ile, idadi ile ile, imepangwa vile vile. Mkono wangu ulisimama. Jamani, ufa gani unaopasuka sawasawa pande zote mbili? Moyo uliniambia mpigie Bibi umuulize. Ilikuwa simu ya dakika moja tu!

Dada Neema akapita nyuma yangu na kikombe chake cha chai. "Malizia hiyo mikwaruzo," akasema. "Huyo bibi mlainishe mpaka nzi akitua ateleze." Nikacheka. Nikafuta na ya kushoto.

Ilitoka picha nzuri mno. Kwa furaha niliihifadhi juu ya ile ya kwanza, kwa jina lile lile, kwa hiyo ile ya kwanza ikapotea. Ya kwenye simu nikaifuta kwa kuwa simu ilikuwa imejaa. Niliona haina haja tena, si picha yenyewe ninayo?

Kisha nikataka kuitoa picha yenyewe kwenye kioo, niiweke kwenye fremu mpya. Nikailoweka kwenye beseni la maji. Nilipoivuta... uso wote ulibaki kwenye kioo, nao ukakatika vipande kama ganda la kitunguu. Mikononi nikabakiwa na karatasi nyeupe.

Nilivikwangua vipande kimoja kimoja nikavitia kwenye bahasha. Bahasha nikaificha chini ya godoro. Sikumwambia mtu.

Nilienda Chinongwe na picha mpya kwenye fremu ya dhahabu. Watu walijaa uani. Wote wakasifu, binamu yangu akaipiga kwa simu na papo hapo akaituma kwenye kundi la ukoo. Bibi tu ndiye aliyeendelea kuitazama. Aliisogeza karibu na macho, akaipeleka mbali, akairudisha.

"Huyu nani?" akauliza.

"Mama yako, Bibi."

"Nembo zake ziko wapi?"

Nembo! Zile alama ambazo wazee wetu walichanjwa usoni wakiwa wasichana, ambazo siku hizi kijijini huzioni tena. Bibi hana, kizazi chake kiliacha. Na hakuwahi kunitajia kwamba mama yake alikuwa nazo. Anitajie ya nini, wakati yeye alikuwa anaziona kila siku?

Wasomaji, hapo ndipo nilipopaswa kusema. Watu wote walikuwa wananitazama. Nikasema kitu ambacho mpaka leo kinaniunguza mdomo.

"Bibi, labda hakuwa nazo. Kompyuta inaonyesha kilichokuwepo."

Akaomba aione ile ya zamani. Nikamdanganya kwamba utaratibu wa dukani ni kubaki nayo, hairudishwi. Bibi hajui kusoma, na mimi ndiye mwenye kazi ya mjini. Alikubali... Akajishika shavu lake na kusema taratibu, "Basi nimesahau."

Mjomba Selemani akasema mama amezeeka, tuanze kumwangalia kwa karibu. Watu wakaitikia.

Kuanzia hapo kila jambo likawa ushahidi. Akisahau chumvi kwenye mboga, wanatazamana. Akirudi njiani kuchukua jembe, wanasema mmeona? Mboga bila chumvi nani hajawahi kupika? Haukupita muda Mjomba akamhamishia kwake Ruangwa mjini, yeye na ile picha mpya. Akamkataza kwenda shamba peke yake asije akapotea. Wakitoka kwenda sokoni, mlango wanaufunga kwa nje, Bibi ndani. Mwanamke aliyelima mikorosho yake maisha yake yote!

Mimi nilisikia yote kwa simu nikanyamaza. Mwezi ukapita, ukaja wa pili, ukaja wa tatu. Kila nikisema leo nitaongea, ulimi unakuwa mzito. Niliogopa Mjomba. Niliogopa kuonekana fundi mbovu. Zaidi niliogopa macho ya Bibi.

Siku moja nilienda kumwona. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka anahesabu kwa vidole. Alikuwa anataja majina ya wajukuu zake, mmoja mmoja, kisha ananiuliza kama amepatia. Mke wa Mjomba aliniambia anafanya hivyo kila asubuhi.

"Kama nimeweza kumsahau mama yangu," Bibi alisema, "na nyinyi nitawasahau. Nitasahau mpaka kuswali."

Majina yote alipatia. Yote! Nilitoka, nikapanda gari, nikarudi Nachingwea nikilia. Abiria wakadhani nimefiwa.

Kesho yake niliomba ruhusa kazini, nikachukua bahasha chini ya godoro na kurudi Ruangwa. Mjomba alikuwepo, anakula. Sikusubiri amalize, nilijua nikisubiri nitakimbia. Nikamwaga vipande kwenye mkeka mbele ya Bibi.

Nikasema nembo zilikuwepo. Nikasema nilizifuta mimi, na picha nikaiharibu kwa maji, na nikadanganya. Sauti yangu ilikuwa ndogo, Mjomba akanirudisha niseme tena. Nikasema tena.

Mjomba alisimama na mkono wake una ugali. Aliniita muuaji. Akasema nimemfanya amfungie mama yake mlango kama kuku. Na ni kweli.

Bibi hakutusikiliza. Alikuwa anavipekua vile vipande kwa ncha ya kidole. Akaokota kimoja kidogo kama ukucha, akakipeleka karibu na jicho. Kilikuwa na mistari mitatu.

"Basi sijasahau," akasema. Akarudia, safari hii akimtazama Mjomba. "Selemani, sijasahau."

Nililia, nikamwomba aniruhusu nizirudishe nembo kwa kompyuta, yeye akinielekeza. Akakataa. Akaomba kalamu. Akaitoa picha kwenye fremu ya dhahabu, akazichora nembo mwenyewe, shavu la kulia kisha la kushoto. Mistari imepinda. Mmoja umetoka mpaka sikioni. Hiyo ndiyo picha iliyopo ukutani Chinongwe leo, kwa sababu siku ile ile alidai arudishwe kwake, na Mjomba akampeleka.

Lakini ule uso laini umebaki kwenye simu za ukoo mzima. Juzi mtoto wa binamu yangu aliniambia bibi mkubwa alikuwa mzuri, uso kama wa matangazo. Namwelezaje kwamba uso huo niliutengeneza mimi?

Ndugu zangu mnaofanya kazi kama yangu, nawasihi, muulizeni mwenye picha kabla hamjafuta kitu. Hifadhini ya kwanza pembeni. Na mkikosea semeni siku hiyo hiyo, hata kama sauti inatetemeka. Nilichomfanyia Bibi hakikuwa kufuta picha tu. Nilimfanya aache kuiamini akili yake, na nilikuwa namwona.

Bibi ananipokea nikienda. Ananipikia, ananiuliza habari za kazi. Ila tangu siku ile ya bahasha ananiita Rashidi.

Kama kuna msomaji aliyewahi kumkosea mzee wake namna hii, naomba aniandikie kupitia gazeti hili. Aniambie ilichukua muda gani mpaka wakataniana tena. Nasoma polepole, lakini nitazisoma zote.