Chai ya Mzee Alban

Soko la Jumamosi mjini Freiburg lilikuwa limefurika, na Svenja Rombach alikuwa na haraka. Viatu vyake vyekundu viliteleza juu ya mawe yaliyolowa mvua, na harufu ya soseji za kukaanga ilimkumbusha kwamba hajala. Kwenye meza ya muuza jibini kulibaki kopo moja tu la jibini laini jeupe. Alilishika. Mkono wa mwanamume mwenye koti la buluu nao ukalishika.

"Samahani kaka, hilo ni langu."

"Lako tangu lini, dada? Mimi nimeshatoa hela."

"Nataka kumpikia baba yangu keki. Kesho anatimiza miaka sabini na mbili."

"Na mimi nataka kulipaka goti langu lililovimba, lipoe."

Svenja alicheka mpaka watu wakageuka. "Goti? Mimi ni mfamasia, kaka. Nina rafu nzima ya dawa za kupaka!"

"Na mimi ni nesi. Hizo dawa ninazo mfukoni. Nani kasema lazima nichague moja?"

Muuza jibini, aliyechoshwa na foleni, aliwagawia kopo nusu kwa nusu. Jioni Svenja alipiga simu. Namba alikuwa ameiomba mwenyewe, tusimsingizie mtu.

"Goti linaendeleaje?"

"Linakusalimu. Linauliza keki imeumuka?"

Nesi huyo aliitwa Korbinian Ettl. Svenja alimpenda haraka, ila kazi yake ilimtatiza. Katika wodi ya Korbinian, wagonjwa wa saratani walidungwa dawa zao kama kwingine, kisha wakakandwa miguu kwa mafuta na kufundishwa kupumua taratibu.

"Sasa hiyo ni hospitali au saluni, mpenzi?" Svenja alimchokoza.

"Sikiliza, mama vidonge. Kuna wanaotupa dawa wakabaki na majani matupu, hao wananitisha. Kuna wanaotumia vyote kimyakimya, hao wananitisha zaidi. Sisi kila kitu tunakiweka mezani, daktari akione. Kikisaidia kinabaki, kikidhuru kinaondoka."

"Na kisichofanya lolote?"

"Hicho tunakibishania mimi na wewe," alisema, akambusu shavuni.

Svenja alijikuta akiuliza maswali mengi kuliko alivyozoea. Hata baba yake, Mzee Alban, mjane mwenye vali ya bandia moyoni na dawa ya kuzuia damu isigande, alimzoea kijana huyo. Walikaa jikoni wakizungumzia mitishamba, Svenja akiwatania: "Haya waganga, mkimaliza niiteni tule!"

Alhamisi moja ya Juni, kikombe kilimponyoka Mzee Alban na mkono wake ukafa ganzi. Hospitali walimwahi. Kipimo kilionyesha kwamba damu ilikuwa imeanza kuganda, kana kwamba hamezi dawa kabisa. Svenja alirudi nyumbani kumchukulia nguo, na kabatini, nyuma ya unga, akakuta mfuko wa majani ya chai yenye maua ya manjano. Aliyajua vizuri. Ni ya kuinua moyo ulioshuka, na yanaimaliza nguvu ya dawa ile ile ya baba yake. Alimpigia Korbinian simu papo hapo.

"Umempa baba majani!"

"Majani gani, laazizi? Ngoja kwanza, mzee ana nini?"

"Karibu umuue na ushenzi wako! Usinipigie tena!"

Akakata. Korbinian alipiga mara sita. Svenja hakupokea hata moja, na alilia kwa hasira na kwa mapenzi pamoja.

Siku ya tisa Mzee Alban aliweza kuushika mkono wa bintiye.

"Yule kijana haji kuniona?"

"Aliyekupa sumu, baba?"

"Sumu gani? Ile chai nilinunua mwenyewe. Yeye aliniuliza kama kuna kitu nakunywa, nikamwambia hakuna. Niliogopa atakwambia."

"Uniogope mimi?"

"Tangu mama yako afe, moyo wangu umekuwa mzito, Svenja. Sikutaka nikuambie halafu unicheke kama unavyowacheka wote wanaoshika majani."

Ilimuuma Svenja kuliko lawama yoyote, kwa sababu ilikuwa kweli.

Alimkuta Korbinian kwenye benchi nje ya wodi yake, akiwa na sare nyeupe iliyokunjamana, akila mkate bila hamu.

"Si wewe uliyempa ile chai," alisema Svenja. "Baba aliinunua mwenyewe, akanificha. Na wewe nilikuhukumu bila kuuliza. Nisamehe."

"Siku tisa, Svenja. Hata kama mzee yuko hai sikujua."

"Najua."

"Hujui. Niulize."

"Zilikuwaje?"

Alimweleza. Svenja, aliyezoea kukatiza watu kwa majibu, alimsikiliza mpaka mwisho bila kujitetea. Tramu mbili zilipita. Kisha akamshika mkono.

"Nina swali jingine. Nalo jibu lake silijui kabisa, naogopa."

"Uliza."

"Utanioa?"

Korbinian alikunja karatasi ya mkate na kusimama.

"Ndiyo," alisema. "Ila twende tukamwambie mzee sasa hivi. Siri zimetosha katika nyumba yenu."