Mtori wa Mzazi

"Mzazi wenu anaendeleaje?"

Salvina alikuwa amenyoosha mkono kupokea sahani ya machalari, ndizi zilizopikwa na nyama. Mkono ukabaki hewani.

"Mzazi gani, Mama Filemon?"

"Si huyo anayelishwa na mchumba wako! Wiki nzima hii Anaeli anapita kwangu asubuhi kuchukua mtori. Mbuzi kachinja mwenyewe, damu akaniletea nimpikie mlaso. Nikimuuliza nani kajifungua, ananijibu, 'Ni mzazi tu, mama.' Nikajua labda ni wa upande wenu."

"Kwetu hakuna aliyejifungua."

Mama Filemon akashusha upawa taratibu. Alikuwa mwanamke mwenye mdomo mwepesi lakini hana roho mbaya, na hapo hapo alijua mdomo umemponza.

"Basi labda nimechanganya, mwanangu. Wewe kula kwanza."

Nani ale? Ilikuwa siku ya pili ya Krismasi, mwaka 2003, na Marangu nzima ilikuwa imeteremkia kando ya Mto Una kwenye tamasha la muziki na vyakula. Waliotoka Dar walikuwa wamevaa miwani ya jua hata chini ya migomba. Nyama zilichomwa, mbege, pombe ya ndizi, ilimiminwa kwenye kata, watoto walichezea maji, na jukwaani kaka yake Salvina, Denis, alikuwa akilipiga gitaa la bendi yake ya mjini mpaka wazee wanatingisha mabega. Salvina hakusikia tena hata noti moja.

Mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, Uchagani anakula yeyote mwenye njaa. Mlaso ni habari nyingine. Mwanamume akichinja mbuzi, damu yake ikapikwa kwa maziwa na mafuta, akaibeba kwenda nyumbani, basi kwake kuna mwanamke kajifungua, na anayechinja ndiye mwenye mtoto. Hilo Salvina hakuhitaji kufundishwa. Na nyumbani kwa Anaeli hakukuwa na mwanamke. Wazazi wake walishafariki, na mdogo wake, Grace, alikuwa Dar. Anaeli mwenyewe alimwambia Salvina kwamba Grace hakupata likizo.

Jumanne ndiyo siku wazee wa Anaeli walipangiwa kuleta posa. Mama yake Salvina, Mkatoliki wa kutupwa, alikuwa amenuna miezi na miezi kusikia binti yake anataka Mlutheri, na ndiyo kwanza alikuwa ameanza kulainika.

Salvina akatoa simu.

"Mtoto ni wa kike au wa kiume?" aliandika, akatuma.

Jibu lilichelewa. Lilipokuja, lilikuwa fupi.

"Nani kakwambia?"

Laiti angeandika "Mtoto gani?" Salvina angecheka, angekula machalari yake, na hadithi ingeishia hapo. Ujumbe wa pili ukaingia.

"Usiondoke. Nakuja."

Alikuja anakimbia, na buti zake za kupandia mlima, maana kazi yake ilikuwa kuongoza wageni kwenda kileleni. Salvina alimsubiri penye mawe, mbali kidogo na watu.

"Kaa tuongee, Salvina."

"Nitaongea nimesimama. Wa kike au wa kiume?"

"Wa kike."

"Hongera."

"Si wangu. Haki ya Mungu, si wangu."

"Mbuzi alikuwa wa nani?"

"Wangu."

"Nani kamchinja?"

"Mimi."

"Na mlaso nani kaubeba?"

"Mimi."

"Halafu mtoto si wako! Anaeli, mimi nimezaliwa hapa hapa Marangu. Sikuja jana na watalii wako."

Anaeli alijishika kichwa.

"Mama yake kaniapisha nisimtaje. Nivumilie tu mpaka Jumanne ipite, nitakueleza yote."

"Mpaka Jumanne ipite! Yaani nikishaposwa ndiyo niambiwe nina mwenzangu?"

"Huna mwenzako."

"Basi mtaje."

Anaeli alitazama upande wa jukwaa, kisha akayatazama maji.

"Siwezi."

"Waambie wazee wako wasijisumbue. Mbege yao wainywe wenyewe." Hapo machozi yakamtoka, akamgeuzia mgongo. "Ukiwa huko juu mlimani mimi silali, nakuonea huruma na baridi. Kumbe mwenzangu una wa kukupa joto."

"Salvina..."

"Niache!"

Akamwacha. Nalo hilo lilimuuma, kwamba alimwacha kweli. Alipogeuka, Anaeli alikuwa anapandisha njia ya nyumbani kwake.

Salvina alienda moja kwa moja nyuma ya jukwaa, kwa kaka yake. Bendi ilikuwa inapumzika. Denis ndiye aliyemfundisha kuendesha baiskeli, ndiye aliyekuwa akimtumia magauni kutoka Dar, na Krismasi ya mwaka uliopita alimchapa mtu makonde baa kwa sababu tu alimwita dada yake jina baya. Salvina alimwangukia begani akilia.

"Nani kakuliza? Nitajie!"

"Anaeli. Ana mzazi kwake, kaka. Anamlisha mtori na mlaso kwa siri."

Alitegemea Denis ataruka, atauliza yuko wapi huyo mshenzi. Denis hakuruka. Aliliweka gitaa juu ya boksi, akajifuta mdomo.

"Kajifungua lini?"

"Wiki iliyopita."

"Salama? Mtoto mzima?"

"Mzima, wa kike..."

Salvina aliinua kichwa kutoka begani kwa kaka yake polepole, akamwangalia usoni.

"Kaka. Mbona hujaniuliza ni mwanamke gani?"

Denis akainama kukaza uzi wa gitaa ambao haukuwa umelegea.

"Ni Grace," Salvina alisema. "Hakukosa likizo. Yuko hapa. Na mtoto ni wako."

"Salvina, nisikilize..."

"Ni wako au si wako?"

"Ni wangu. Sikumkataa! Nilimwambia asubiri nijipange."

"Na kwa nini hasemi? Kwa nini Anaeli akubali nimtukane pale mtoni asiseme neno?"

Denis akazidi kukaza uzi ule ule.

"Denis!"

"Nilimwambia Grace akinitaja tu, mama atauvunja uchumba wako na kaka yake. Mama unamjua. Mlutheri mmoja nusura amtoe roho, sembuse wawili."

Salvina akashika nguzo ya jukwaa.

"Kwa hiyo mimi ndiye kufuli ulilomfungia mdomo."

"Nilikuwa natafuta muda tu, mdogo wangu."

"Muda! Mtoto wa watu kazaa bila mama, bila wifi, kaka mtu ndiye anabeba sufuria, na wewe uko hapa unapigiwa makofi!"

Wenzake walikuwa wanamwita, muziki unaanza. Salvina alimshika mkono wa shati, lile shati lake la kung'aa.

"Kipaza sauti utakuwa nacho mdomoni, na mama amekaa mstari wa mbele. Ukitaka, shuka ukamnong'oneze. Nakupa wimbo mmoja. Ukiisha hujasema, nasema mimi."

"Utaniaibisha mbele ya watu? Mimi kaka yako?"

"Na mimi ni shangazi wa mtu."

Denis alipanda jukwaani. Salvina alisimama pembeni, mikono kifuani, na moyo ukaanza kumshawishi. Nyamaza. Mkimbilie Anaeli umwombe radhi, Jumanne uposwe, ufunge ndoa, na ya Grace yataongelewa baadaye. Mama akijua leo, Jumanne inaweza isifike. Alimpenda Anaeli, na sasa alimpenda kuliko asubuhi, kwa sababu alikubali kuonekana mhuni ili mdogo wake asiaibike. Kumkosa leo ilikuwa ni kukosa kila kitu. Lakini kila alipotaka kunyamaza alimwona Grace amelala peke yake na kitoto, anasikiliza kwa mbali gitaa la huyo huyo aliyemwambia anyamaze.

Wimbo ukaisha. Watu walipiga vigelegele.

"Asanteni sana Marangu!" Denis alisema, na akaanza mwingine.

Salvina alirudi kwa Mama Filemon.

"Mtori wa mzazi uko wapi?"

"Huu hapa, leo hakupita asubuhi, nilikuwa namsubiri Anaeli. Mwanangu, mimi sikutaka..."

"Najua, mama. Nitwishe."

Alikunja kanga, akaiweka kichwani, akatwishwa sufuria. Kulikuwa na njia ya nyuma, ya kichochoroni. Hakuifuata. Alipita mbele ya jukwaa, mbele ya viti vya akina mama wa jumuiya, na mama yake akiwa katikati yao, amevaa kitenge kipya, anafurahia mwanawe.

"Salvina! Unaipeleka wapi sufuria hiyo?"

"Ni chakula cha mzazi, mama."

"Mzazi wa nani?"

"Wa kwetu."

"Kwetu nani kajifungua?"

"Grace, mdogo wake Anaeli. Mtoto ni wa Denis."

Gitaa likanyamaza. Ngoma zikaendelea kidogo peke yake, nazo zikafa. Mama yao, Mama Denis, aligeukia jukwaa. Hakuuliza kama ni kweli. Alimtazama tu mwanawe, na mwanawe akatazama viatu vyake.

"Yelewii!" Mama alishika kiuno. "Na nani amekuwa akimlisha?"

"Anaeli."

"Mjomba wa mtoto! Yaani mzazi wetu anachinjiwa na mjomba, na sisi wenye mtoto tumekaa hapa tunacheza muziki?"

"Mama, lakini ni Walutheri," Salvina alisema, maana alitaka yote yaishe kwa mara moja.

"Nimekuuliza dini? Mzazi akikosa chakula, aibu ni ya nani? Ya mchungaji?" Alimgeukia Denis, na hakuhitaji kipaza sauti. "Wewe! Shuka huko kabla sijapanda!"

Kisha akajifunga kitenge vizuri.

"Twende. Na uangalie, utaumwaga huo mtori."

Walipandisha njia ya migombani, mama mbele, Salvina nyuma, na nyuma kabisa Denis bila gitaa. Salvina alikuwa anajiuliza kama bado ana mchumba.

Anaeli alikuwa uani anapasua kuni. Alipowaona, shoka lilimponyoka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mzazi yuko wapi?"

Anaeli alimtazama Salvina. Salvina alitikisa kichwa kuelekea mlangoni, kama kumwambia: jibu.

"Yuko ndani, mama. Karibuni."

Grace alikuwa amekaa kitandani, mtoto kifuani. Alipomwona Mama Denis alitaka kuinuka, akakatazwa kwa mkono.

"Kaa. Mzazi hainuki."

Salvina alitua sufuria, akapakua mtori kwenye bakuli, akampa kwa mikono miwili. Grace aliupokea, na machozi yakaanza kumdondoka.

"Sikumtaja, wifi. Sikutaka kuwaharibia."

"Nimemtaja mimi. Wewe kula."

Mama Denis alikuwa amemchukua mtoto, anamgeuza kwenye mwanga wa dirisha. Aliangalia masikio, aliangalia vidole. Alichokiona alikijua.

"Anaitwa nani?"

"Hana jina, mama."

"Wiki nzima hana jina?"

"Mtoto wa kwanza wa kike anapewa jina la bibi yake, mama yake baba." Grace aliangalia bakuli. "Sikuwa na mtu wa kumwomba."

Mama Denis, aliyewatisha mapadri na makatekista, alikaa chini kwenye kigoda kana kwamba amesukumwa.

"Mimi naitwa Zita," alisema.

"Najua, mama."

"Basi na yeye ni Zita." Na akalia hadharani, bila kujificha na kitenge.

Denis alikuwa amesimama mlangoni, kizingiti kimemshinda.

"Grace, nisamehe."

Grace aliweka bakuli chini.

"Mtoto wako yule pale, mbebe. Mimi usiniguse bado. Maneno uliyoniambia nikiwa na tumbo la miezi saba, hayawezi kuisha leo."

"Hata mwakani yasiishe, nitakuja."

"Njoo. Tutaona."

Salvina alitoka nje. Anaeli alikuwa ameketi juu ya gogo, hana la kufanya na mikono yake.

"Mama kasema nini kuhusu Jumanne?"

"Kasema Jumanne sisi ndio tuje hapa kwanza, tuombe msamaha kwa ajili ya Grace. Halafu ndiyo wazee wako waje kwetu." Alisimama mbele yake. "Kama bado wanataka kuja. Nimekutukana, Anaeli. Nimekuona mhuni."

"Hukujua."

"Hukuniambia! Ukaniacha nilie pale mtoni, na ukweli unao mdomoni."

"Ningekuambia, ungelazimika kuchagua, mimi au kaka yako. Nikakuhurumia."

Salvina alikaa naye juu ya gogo. Huko chini mtoni bendi ilikuwa imeanza tena, bila gitaa.

"Umeona nilivyochagua?" alimuuliza.

"Nimeona."

"Basi Jumanne ikipita wazee wako waje. Lakini mimi nakwenda kuwa mke wako, si mgeni unayempandisha mlima. Siku nyingine ukinihurumia, niambie ukweli."

Anaeli alimshika mkono, na Salvina hakuuondoa.