Ukurasa Ulioshonwa kwa Uzi Mweusi

Jua lilikuwa linazama Dorice aliposhuka kwenye bodaboda pale Usevya, kijijini kwa wakwe zake, amemshika bintiye Glory mkono. Kichwani alikuwa na beseni lenye sukari, mkate na sabuni. Waliompita njiani walimsalimu kwa furaha, mkwe mwema huyo, hasahau wazee. Dorice aliitikia huku anaangalia chini. Maana chini ya ule mkate, ndani ya kanga, kulikuwa na kitabu alichomwibia mama mkwe wake.

Kilikuwa kitabu cha ndege, cha zamani sana. Marehemu baba mkwe, Mzee Isidori, alikuwa mpishi wa padri wa Kizungu, na padri huyo ndiye aliyemwachia. Kila picha ilipakwa rangi kwa mkono: mdiria wa buluu, korongo mwenye taji la dhahabu, kanga mwenye madoa yake yote. Kurasa mbili tu zilikuwa zimeshonwa pamoja kwa uzi mweusi.

"Humo yumo bundi," mama mkwe alikuwa akisema. "Mzee alimfunga mwenyewe. Tumwache alivyo." Hakuwahi kueleza zaidi ya hapo.

Siku ya Pasaka, alipokuja kusalimia, Dorice alikitia kwenye begi lake. Mgeni mmoja wa hoteli ya watalii alikuwa amemwambia kwamba vitabu vya namna ile havipatikani tena na yuko tayari kukinunua, ila anataka kwanza kuona kila ukurasa. Basi Dorice akachukua wembe pale saluni kwake mjini, Kawajense, akakata uzi.

Ndani kulikuwa na tawi lililochorwa vizuri kabisa. Juu ya tawi palibaki peupe, pana umbo la ndege.

Ndege hayupo.

Jioni ile ile kitu kizito kilitua juu ya bati.

Kwaru... kwaru... kwaru...

Tangu hapo kilikuja kila magharibi, na harufu yake, kama kuku aliyetoka kumwagiwa maji ya moto. Mgeni wa hoteli alifunga safari bila hata kuaga. Glory akaacha kula. Alikaa tu, anatazama dari.

"Mama, anauliza jina."

"Nani?"

"Wa juu."

Ndipo Dorice alipofunga kanga na kuja Usevya.

Mama mkwe wake, Bibi Skolastika, alikuwa jikoni, anachochea moto. Jicho lake la kushoto lilikuwa na ukungu wa mtoto wa jicho, lakini vidole vyake viliona vizuri. Pembeni alikaa jirani yake, Vestina, aliyekuja kuomba kaa la moto akanogewa na maongezi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Mama Glory. Karibuni, karibuni."

Dorice akampa kitabu, akinong'ona kwamba alikuwa amekiazima. Bibi akakipapasa. Vidole vikafika penye uzi, vikasimama.

"Nani amekata?"

Dorice akamtazama Vestina. Akisema "mimi", kesho Usevya nzima inajua kwamba mkwe wa Mzee Isidori ni mwizi. Aibu bwana, inaweza kumfanya mtu aseme lolote.

"Ni Glory, mama. Alikuwa anachezea wembe."

Juu ya paa...

Kwaru.

Kilikuwa kimewafuata.

Glory akalegea akaanguka magotini, damu inamchuruzika puani. Bibi akamvuta Dorice karibu, akanong'ona kwa haraka. "Usimtaje mtoto! Bundi akitajiwa asiyekata, anaondoka naye. Aliyekata ajitaje mwenyewe, atie chumvi motoni, aombe radhi. Huyo bundi hamdhuru, anarudi tu kwenye karatasi yake." Akamnyooshea kikopo cha chumvi. "Sema, mwanangu. Nakuomba."

Basi ilikuwa rahisi hivyo. Lakini Vestina alikuwa ametoa macho, anasubiri. Dorice alifungua mdomo. Alimpenda mwanawe kuliko kitu chochote duniani, na bado neno halikutoka.

Bibi akamtazama kwa muda mfupi. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomuuma Dorice zaidi. Kisha akamwaga chumvi motoni yeye mwenyewe.

"Ni mimi, Skolastika!" alisema kwa sauti. "Nimemfungua mimi. Mwache mtoto!"

Chumvi ikalia ndani ya moto. Paa likanyamaza. Glory akafuta pua, akaomba uji.

Asubuhi, Bibi Skolastika hakuamka.

Msibani Vestina hakuwa na kazi nyingine. "Nimemsikia kwa masikio yangu! Kakiri mwenyewe. Alikuwa anafuga bundi, nyie, humo humo kitabuni!" Wanawake wakaacha kula chakula cha nyumba ile. Vijana walibembelezwa ndipo wakakubali kuchimba kaburi. Mama wa watu, aliyeishi na kijiji kile maisha yake yote bila kumkosea mtu, akazikwa kama mchawi.

"Pole, Mama Glory," walimwambia Dorice. "Kumbe mkweo alikuwa mchawi."

Naye akajibu, "Asanteni."

Jioni, waombolezaji wakiwa bado uani, aliingia ndani na sindano na uzi mweusi. Akafungua ukurasa. Bundi alikuwa amerudi kwenye tawi lake, rangi zimekolea kana kwamba zimepakwa leo. Jicho la kulia lilikuwa la njano, linang'aa.

La kushoto lilikuwa na ukungu.

Dorice akakifunga kitabu kwa pupa, akakigandamiza kwa mikono miwili.

Kwaru... kwaru...

Safari hii haikutoka juu ya bati. Ilitoka chini ya viganja vyake.

Glory alikuwa amesimama mlangoni.

"Mama, ni bibi. Anauliza nani amekata."

Dorice akachota chumvi, akatoka hadi kwenye moto wa msiba. Wanawake wote wakamgeukia. Akasimama pale, chumvi inalowa jasho mkononi mwake, mdomo wazi.

"Unasemaje, Mama Glory?" Vestina akauliza.

"Hakuna," Dorice akasema. "Nilikuwa naota moto."