Ugonjwa wa Uxorious

Walikutana benki, siku ambayo foleni ilifika barabarani. Binti alikuwa muuza dawa, gauni lake la njano limepigwa pasi likanyooka. Mbele yake alisimama kijana mwembamba mwenye shati la kijani, msahihishaji wa habari gazetini, akilitazama tangazo la ukutani na kuguna.

"Kulikoni, kaka?"

"Wameandika 'tafadhali subili.' Hiyo 'li' inanichoma roho."

Binti akacheka hadi mlinzi akageuka. Wakapeana namba.

Wakapendana kwa simu za asubuhi na jioni, miezi mitatu. Mchana mmoja kijana akapiga.

"Mpenzi, nisikufiche. Mimi ni uxorious. Kwetu ni ya ukoo. Babu alikuwa nayo, baba anayo..."

Simu ikazima; chaji imemwishia.

Ya ukoo! Ugonjwa gani huo, binti akajiuliza. Akapekua kitabu cha magonjwa, hola. Akamuuliza bosi wake.

"Nadhani ni ya ngozi," bosi akasema. "Mpe mafuta ya kupaka."

Hakuridhika. Akafungua kamusi ya Kiingereza: neno limetoka kwenye Kilatini, *uxor*, yaani mke. Ni mwanamume anayempenda mkewe kupita kiasi.

Mkewe! Afadhali ingekuwa ngozi. Akamfungia namba, akajifungia chooni, akalia.

Siku ya tatu kijana akatokea dukani, akawapita wateja wote.

"Nimekukosea nini?"

"Rudi kwa mkeo!"

"Mke gani?"

"Huyo unayempenda kupita kiasi! Nimesoma asili ya neno lako mpaka kwa Walatini!"

Kijana akashika kichwa. "Sina mke, jamani! Baba mpaka leo humfulia mama na kumchania nywele. Akienda sokoni, mzee anamsubiri mlangoni kama mtoto. Babu naye vivyo hivyo. Nilitaka kukuonya kabla sijakuposa, usije ukasema nakuganda."

"Kunifanya nini?"

"Kukuposa."

Mzee mmoja mwenye kikohozi akagonga kaunta.

"Binti, mkubalie, tupate dawa!"

Muuza dawa akajifuta macho kwa ncha ya koti lake jeupe.

"Nimekubali. Lakini nywele zangu usiziguse, hujui kusuka."

"Nitajifunza," kijana akasema.

Mzee akacheka mpaka kikohozi kikamzidi, ikabidi apewe chupa mbili.