Nyimbo za Kitindamimba

Piano ilianza kutoka jasho asubuhi. Dada yake Vidole, fundi cherehani aliyeishi naye na kumtunzia nyumba, alipitisha kitambaa juu ya vibonyezo, kikarudi kimelowa, kinanuka kafuri. Kafuri ndiyo aliyomchulia kifua mdogo wao, kitindamimba, mpaka alipokata roho katika chumba cha nyuma.

Vidole nani asiyemjua? Mpiga piano wa jazi, kila ukumbi aliotia mguu watu walisimama kumpigia makofi. Lakini nyimbo zilizompa jina alizitunga yule kitindamimba akiwa hoi kitandani, akizigonga kwa kucha kwenye ubao wa kitanda, Vidole ametega sikio. Siku mdogo huyo alipofariki, Vidole alikuwa ziarani anazipiga. Hata kuzika hakuja. Dada alimeza hasira, ikamkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Mchana mtangazaji wa redio alikuja kumrekodi Vidole habari za maisha yake.

"Na wimbo huu, mzee, uliutoa wapi?"

"Kichwani mwangu," Vidole akajibu, akaanza kuupiga.

Ndani ya piano mtu akakohoa.

Mtangazaji alicheka, kisha kicheko kikamkauka, maana kikohozi kilirudi, kizito, cha kifua kilichooza, na mkono wa kushoto wa Vidole ukaanza kwenda polepole, ukiachwa nyuma na wa kulia, vilevile alivyokuwa akigonga yule mgonjwa, na Vidole akiuvuta haung'oki, na kafuri ikajaa sebuleni mpaka macho yakawachuruzika machozi. Mtangazaji alitoka mbio, vyombo vyake akaviacha.

Dada akamwita mganga. Mzee yule aliinama juu ya piano, akanong'ona: "Hili si pepo la njiani. Ni mtu wa humu humu, anadai chake. Tamka kwamba nyimbo ni zake, ataondoka kwa amani."

"Nitamke? Jina nimelijenga maisha yangu yote!" Vidole akafoka, mkono bado umenasa. "Mfukuze! Mchome!"

Mganga akafukiza ubani. Nyuzi za piano zikalia kwa sauti nyembamba: "Dada... naungua..."

Hapo mwiba ukamtoka kooni. Dada alikipiga teke chetezo, makaa yakatawanyika sakafuni.

"Umchome nani? Huyu niliyemzika peke yangu wewe ukipigiwa makofi?" Akamgeukia mganga. "Baba, nenda zako. Kazi imekwisha."

"Mama, nikitoka sasa, huyu aliyemo ndani ya piano hatatoka tena."

"Ndivyo nitakavyo."

Mganga akaondoka bila kuaga. Mkono wa kulia wa Vidole nao ukanasa, na wimbo ukaanza upya, taratibu, bila kituo, ngozi ya vidole ikichanika na vibonyezo vyeupe vikigeuka vyekundu.

"Dada, nakuomba! Nitasema! Nitasema yote!"

Dada alitia komeo mlangoni, akavuta kiti, akaketi karibu na piano.

"Piga, kitinda wangu," alisema. "Nakusikiliza."